Siku Nilipofanywa Kiziwi Sigino

Jamani, hili jambo nimelikalia kimya muda mrefu, na ningeendelea kulikalia kama si Danieli, mdogo wangu, kuanza kulisimulia vijiweni akipunguza hapa na kuongeza pale anavyotaka, kwa hiyo bora mlisikie kwangu mimi mwenye aibu yangu.

Mnanijua, mimi ni seremala hapa Bagara, na mwisho wa juma nashika maiki kwenye sherehe za watu, kipaimara, kumuaga binti, harusi, na mtu wa kazi hiyo lazima azijue nyimbo vizuri, ajue wapi ngoma inaingia na wapi akate aseme neno. Sasa hedifoni za kuchomeka sikioni zimenitesa, nyie acheni tu. Nimenunua za kila rangi. Leo nzima, keshokutwa sikio moja limekufa, unabaki umeukunja waya pale kwenye pini, unaufunga kwa selotepu, na ukipata mkao unaosikika huruhusiwi hata kukohoa. Nilikuwa nimechoka, nimechoka kabisa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya kupeleka posa ya Danieli kwa kina Anjelina, Sigino. Baba yetu hayupo, kwa hiyo mkuu wa msafara alikuwa baba mdogo Paskali, lakini kusema walinipa mimi kwa kuwa ndiye mwenye mdomo (hayo ni maneno yao). Danieli alikuwa hali akashiba, maana tulishanong'onezwa kwamba kuna familia nyingine inaizungukia nyumba hiyohiyo, na baba wa binti ni mtu wa heshima zake, ukimkosea mara moja huna njia ya kurudi. Na mimi nilikuwa nimerudi jana yake tu kutoka Katesh, nilikokwenda kufunga milango na madirisha ya nyumba ya mtu, kwa hiyo mengi yaliyotokea huku nyuma sikuyajua.

Tukasimama sokoni kuchukua sukari na vitenge vya kupeleka. Danieli anafunga mzigo kwenye bodaboda atangulie, baba mdogo yuko kwenye simu, mimi nikasema ngoja nichungulie kwa Mama Warda, mwenye duka la vifaa vya simu. Hapo ndipo nilipojiharibia. Nikamwambia leo sitaki ya bei rahisi wala ya rangi nzuri, nataka inayodumu na yenye sauti, akanitolea boksi baada ya boksi, nikavuta waya, nikakunja pale kwenye pini zinapofia, moja nikaitumia kuning'iniza simu yangu ikawa inabembea juu ya kaunta. Mama Warda akashika kifua. "Mwanangu," akasema, "unanunua hedifoni au kamba ya mbuzi?"

Hatimaye nikaipata. Waya wa kusukwa, pini iliyopinda isivunjikie mfukoni, na ndani ya boksi vimpira vya akiba vya kuvisha kwenye ncha, vidogo, vya kati na vikubwa. Nikajaribu vya kati, sauti safi. Mtu mwenye akili zake angelipa hapo akaondoka. Mimi nikasema ngoja nione vikubwa, nikavisukuma kwa kidole gumba, na ghafla soko lote likanyamaza, wauza nyanya wanafungua midomo na hakuna kinachotoka, na besi inatetemesha hadi meno. Nikalipa huku natabasamu.

Kwenye bajaji baba mdogo alikaa mbele na dereva kwa sababu ya goti lake, mimi nyuma peke yangu. Nikasema wimbo mmoja tu, nizipime. (Mnajua wimbo mmoja unavyokuwa.) Baba mdogo alikuwa anaongea, niliona bega linapanda na kushuka na mkono unaonyesha huku na kule, lakini huyu mzee akipanda chombo huwa anamweleza dereva shamba hili la nani na mahindi yale yamechelewa kupandwa kwa nini, nikajua ni hayohayo. Kila alipoinua macho kwenye kioo cha dereva aliniona natikisa kichwa, akaridhika, akaendelea. Mimi nilikuwa naitikia ngoma.

Alichokuwa ananieleza, nilikuja kuambiwa baadaye, ni kwamba nikiwa Katesh, babu yake Anjelina alifariki na wameshamzika, Danieli alidhani baba mdogo ameniambia na baba mdogo alitaka aniambie mwenyewe kwa utaratibu njiani. Kwamba familia imekubali tuje kwa kuwa siku ilishapangwa, ila nikiingia niende moja kwa moja kwa bibi mjane, nimpe pole, nikae, nisubiri nipewe nafasi, na utani wangu wa kwenye maiki niuache humohumo kwenye bajaji. Nilikubali yote hayo, kwa kichwa.

Tulipofika nikavuta waya haraka nionekane mtu mzima. Ya kulia ikatoka vizuri. Ya kushoto ikatoka haina kimpira. Nikainama kukitafuta kwenye sakafu ya bajaji, hakipo, baba mdogo ananiita kwa mkono, nikasema potelea mbali, vya akiba si vipo. Haikunijia hata kidogo kwamba kimebaki ndani ya kichwa changu.

Tukaingia. Watu wamejaa sebuleni, kimya, wanawake wamejifunga khanga. Bibi alikuwa amekaa kushoto kwangu karibu na mlango, na wanasema alinikaribisha na kuninyooshea mkono, nami nikampita mama wa watu bila hata shikamoo, nikaenda kusimama katikati. Baba mdogo alidhani nitamrudia bibi baadaye, kwa utaratibu fulani ninaoujua mimi.

"Wenyeji wetu," nikaanza, kwa ile sauti ya ukumbini, "mbona mmenyamaza hivi kama watu waliotoka kuzika?"

Hakuna aliyecheka. Sasa kwenye kazi yangu ukiona ukumbi umelala unaongeza moto, na mimi nikaongeza, nikaomba kigelegele, hakikuja, nikasema kina mama wa Sigino wana aibu, bado kimya, nikajua hapa dawa ni kumgusa mkubwa wa nyumba, maana Danieli alinihadithia zamani kwamba babu ndiye mwenye neno la mwisho pale. Nikasema, "Na babu yuko wapi? Kama amelala mwamsheni, sisi bila babu hatuondoki."

Mama yake Anjelina akajifunika uso akatoka nje. Danieli akaangalia miguu yake. Baba mdogo akafumba macho, na ndipo nilipogundua kwamba sikio langu la kushoto halisikii kitu, nikatia kidole, nikagusa kitu laini, nikakisukuma ndani zaidi. Nilichanganyikiwa nikabaki hivyohivyo, nimesimama mbele ya wakwe, kidole kimo sikioni.

Baba wa Anjelina aliongea taratibu sana. "Mzee Paskali, huyu kijana hamkumwambia kwamba baba yangu amefariki?"

Jamani, hapo ndipo nilipokielewa kimya kile. Nikafungua mdomo niombe radhi, mimi niliyepewa kusema, nikawahiwa. Baba mdogo akanitazama, akakitazama kile kidole, akasimama.

"Tulimwambia, ndugu yangu. Lakini huyu mtoto hasikii. Masikio yake ni mabovu tangu utotoni, sisi tukaficha kwa aibu. Anaweza kusema, ila kusikia ndiyo hivyo. Kosa ni letu, mtusamehe."

Nikageuka nimpinge, na macho ya baba mdogo yakanikalisha chini.

Hasira ziliwatoka watu wale nikiona, na huruma ikaingia mahali pake, ambayo kwangu ilikuwa mbaya zaidi. Bibi, yule niliyempita, mjane wa yule niliyetaka aamshwe, akainuka polepole, akaja akanishika shavu, akanisogezea mdomo akapaza sauti: "Pole, mjukuu wangu. Hata mimi la kushoto limekufa." Machozi yalinitoka kweli, na wao wakasema mwoneni maskini, sasa ameelewa.

Tukirudi baba mdogo akanipitisha zahanati ya mjini, ambako daktari alikitoa kile kimpira kwa kibanio, kazi ya dakika. Nikamwambia baba mdogo, basi turudi tukawaeleze ukweli. Akaniambia nikitaka Anjelina aolewe na yule mwingine anayeizungukia ile nyumba, niende. "Ukiwa Bagara sikia unavyotaka. Sigino wewe ni kiziwi."

Na posa ikakubaliwa. Nimeapa, mtu mzima akifungua mdomo mbele yangu sitakuwa na kitu sikioni, hata pamba, lakini kiapo hicho kilinisaidia nini siku ya harusi? Maana kiziwi hashiki maiki. Harusi ya mdogo wangu wa damu akaiendesha kijana mmoja aliyekosea jina la bwana harusi, akaweka wimbo wa kuingilia wakati wa kukata keki, na mimi nimekaa meza ya wakwe nasaga meno, nimepangwa pembeni ya bibi kwa kuwa ati tunaelewana, kila anayekuja kunisalimu ananipigia kelele za kupasua ngoma za masikio.

Katikati ya chakula baba yake Anjelina akainama kwa mgeni wake, hatua chache tu kutoka kwangu, akanionyesha kwa kidevu, wala hakupunguza sauti, ya nini? "Yule ndiye aliyetaka tumwamshe marehemu mzee. Mungu alimnyima masikio, akamzidishia mdomo." Meza nzima ikaangua kicheko. Mimi nikaendelea kutafuna pilau, uso mkavu.

Bibi akanivuta mkono. "Wanacheka nini?"

Nikamsogelea sikio lake la kulia, nikapaza sauti watu wote wasikie. "Sijasikia, bibi."