Udongo wa Ng'ambo ya Ziwa

Madam wangu wa Riyadh ni mkemia. Kazi yake ni vigae vya Kigiriki vya kale. Anakwangua unga kidogo pale palipovunjika, anautia kwenye mashine inayosoma madini yake, kisha anaulinganisha na udongo wa Athene, wa Korintho, mpaka ajue chungu kilifinyangwa wapi. Korintho mimi niliijua kwa Biblia tu. Sikuwahi kufikiri kwamba ina udongo.

Siku moja nikifuta vumbi mezani kwake nilimwambia nami nina kigae changu. Mama alifariki kabla sijaota meno, akaacha chungu kimoja, nacho kikavunjika; kipande chake nimesafiri nacho. Kila nilipomuuliza baba mama alitoka wapi, alijibu "ng'ambo ya ziwa" na kubadilisha mazungumzo. Nimekua bila mjomba hata mmoja, na jambo hilo limeniuma kuliko umaskini.

Madam alikipima. "Mafi," alisema, yaani hakuna. "Kipimo ninacho, ila sina udongo wa kwenu wa kulinganisha."

Nilikasirika. Wagiriki wale walikufa zamani na udongo wao umejaa makabatini. Sisi tuko hai na hatuna hata kijiko.

Basi rafiki yangu wa Ghulail, kule Jeddah, alipokwenda nyumbani likizo, nilimwomba avuke ziwa aniletee udongo kutoka vijiji viwili vya wafinyanzi. Akauleta, kila kijiji na mfuko wake. Familia ya madam ilipoteremka Jeddah nami nilikuwemo, nikaenda kuuchukua. Mfuko mmoja ulikuwa umejaa. Wa pili ulikuwa na punje mbili.

"Pole, dada," alisema jirani ya rafiki yangu, mja mzito, midomo yake ikiwa bado ya kijivu. "Si udongo huu umetoka home? Nilidhani ni wa kula."

Nilitaka kumfokea, nikashindwa kwa kicheko. Wajawazito wa kwetu ndivyo walivyo, wakiuona udongo hawajizuii.

Tuliporudi Riyadh, madam alisema punje moja inatosha. Udongo wa mfuko uliojaa haukufanana na kigae hata kidogo. Ile punje ilifanana.

"Siwezi kuapa," alisema, "lakini ningekuwa wewe, ningeanza kuulizia kijiji hicho."

Nilimwomba punje iliyobaki. Alidhani nataka kuiweka, akainuka kunitafutia kichupa. Aliporudi nilikuwa nimeshaitia mdomoni, naitafuna polepole, huku nikimlilia mama nisiyemkumbuka hata sura.