Aliyeogopa Kunifuta

Kozi ile ya ualimu niliisoma kwa simu, nikiwa nyumbani Matogoro, na hadi leo sielewi vizuri tulifaulu vipi. Tulipangwa wawili wawili. Mwenzangu alikuwa kijana wa Tunduru, mwalimu wa kujitolea, ambaye bila cheti kile asingeweza hata kuomba ajira. Kazi yetu ilikuwa kuandika pamoja kwenye wiki, yaani ukurasa wa mtandaoni ambao kila mmoja anaweza kuongeza, kufuta na kurekebisha maneno ya mwenzake. Mada: namna ya kumfundisha kusoma mtoto wa darasa la kwanza anayezungumza Kingoni au Kiyao nyumbani.

Nilianza mimi. Kesho yake kijana akapiga simu.

"Shikamoo mama. Samahani sana, pale unaposema watoto wakatazwe Kiyao darasani, mie naona... lakini wewe ndiye mkubwa."

"Marahaba. Rekebisha basi."

"Siwezi kukugusa mama. Nakuelezea, uandike mwenyewe."

Ikawa ndiyo mtindo wetu: yeye anapiga, mimi naongeza anayosema chini ya yale yangu. Mawazo yake yalikuwa mazuri, kuliko yangu kwa kweli, na hilo lilinikera kidogo.

Kisha mkufunzi akatuma ujumbe. Kumbukumbu za ukurasa zilionyesha jina langu tu, kwa hiyo mwenzangu hakufanya kazi na angefeli. Nikamweleza kwamba nusu ya maneno yale si yangu. Akauliza, kama si yako, mbona umeyaandika wewe? Niliusoma upya ukurasa, nikashindwa kujua wapi naishia mimi na wapi anaanzia yeye. Tukapewa mpaka Ijumaa, jina lake nalo liwe limeonekana.

Nikampigia kijana. "Nifute, mwanangu. Toa aya yangu ya kwanza, weka yako."

"Jamani mama! Nimfute mtu mzima? Wakisikia nyumbani watasemaje?"

"Watasema umefeli. Futa!"

Ijumaa asubuhi aya yangu haikuwepo. Mahali pake alieleza jinsi anavyomwacha mtoto asimulie kwanza kwa Kiyao, ndipo anapomwonyesha herufi. Ilipendeza. Ila alikuwa ameondoa na hitimisho langu, ambalo sikumtuma aliguse. Nilipandwa na hasira, halafu nikajishangaa. Si nilimwamrisha mwenyewe? Nilitaka anifute kwa adabu? Kufuta kwa adabu ndiko kukoje?

Matokeo yalipotoka alipiga simu akicheka, akasema tumefaulu wote. Nilimpongeza, nikasema nawahi kupalilia mahindi. Sikwenda popote. Nilifungua kumbukumbu za ukurasa, ambako maneno yaliyofutwa huwa bado yapo, nikaisoma aya yangu taratibu. Alikuwa na haki ya kuifuta. Ilikuwa mbovu, na bado niliililia.