Ubao wa Kaka Yangu

Nilipaswa kukataa. Mama mmoja aliyekuwa akiandaa maonyesho mjini alikuja kwenye chumba changu cha kazi mtaani Umoja, akatazama picha zangu za kuchapa, akasema za namna hiyo ameziona kwingine. Kisha akauona ubao wa kaka yangu ukutani. Akaniuliza kwa nini nisiuchonge zaidi na kuuchapa rangi baada ya rangi. Nikakubali kabla hajamaliza chai.

Ubao haukuwa wangu. Kaka yangu ni mchongaji, kama baba yetu. Kisukari kilipoanza kumla macho, aliharakisha kumchonga kwenye ubao huo marehemu mama yetu akipepeta mbaazi. Ndiyo kazi ya mwisho aliyoiona. Alipopofuka aliniletea ubao ule niwachapie wanawe, kila mmoja nakala yake.

"Wino tutaufuta," alisema. "Lakini patasi usiiguse. Ulikimbilia karatasi kwa kuogopa vumbi, usijifanye fundi leo."

Tulicheka. Kila Jumapili baada ya kanisa, bintiye alimleta kutoka mtaa wa Huruma, naye kaka akaupapasa uso wa mama ubaoni.

Njia niliyoikubali hula ubao. Unapaka wino wa njano, unalaza karatasi, unaisugua kwa mgongo wa kijiko. Halafu unachonga na kuondoa panapopaswa kubaki njano, unapaka nyekundu, unachapa juu ya karatasi zile zile. Kilichochongwa hakirudi. Nilijiambia nitaishia rangi mbili. Nyekundu ikatoka vizuri mno, nikaingia kahawia, kisha nyeusi. Kufikia hapo ungo haukuwepo ubaoni, mikono haikuwepo, na uso ulikuwa mistari mitatu minne. Nakiri kwamba sijawahi kutengeneza picha bora kuliko zile, na nilijua hivyo patasi ikiwa mkononi.

Jumapili iliyofuata nilimwekea kaka karatasi mapajani. Akaipapasa pembe hadi pembe.

"Mama yuko wapi?"

Nikamweleza kwamba yuko hapo hapo, kwa rangi nne, na kwamba watu watamsifu.

"Mdogo wangu, nipe ubao."

Nikampa. Vidole vyake vilizunguka palipokuwa na uso, vikaondoka, vikarudi kutafuta tena. Alimwomba bintiye amshike mkono waende nyumbani.

Picha zilitundikwa, zikasifiwa. Nimekwenda Huruma mara nyingi tangu hapo. Bintiye hunifungulia mlango na kunipa kiti, naye kaka hugeukia ukuta mpaka niondoke. Hajanisemesha tena. Nilikuwa na kaka mmoja, nami nilimpoteza kwa kukubali kwangu.