Chai ya Wariara Kabla ya Kipimo

Wariara hakuwahi kumsalimia mtoto kwa kiganja peke yake. Alimpa mkono wa kulia, huku wa kushoto ukipanda hadi juu ya kiwiko na kubonyeza pale palipo na nyama, kama mtu anayechagua kuku sokoni. Akikuta mfupa, aliuliza mama yako ni nani. Akikuta nyama, aliuachilia mkono na kusema, "Haya, enda ucheze." Nilimwona akiwafanyia hivyo watoto wa kanisani, watoto wa wageni, hata kijana mmoja aliyevaa suti siku ya harusi yake mwenyewe. Hakuiacha tabia hiyo hadi mwisho.

Nilimjua mwaka ule mradi wetu ulipofika Molo. Mimi ni muuguzi, na kazi yangu ilikuwa kutoboa vidole. Kiongozi wetu, Daktari Gedion Kimeli, alitaka kujua ni watoto na vijana wangapi wa sehemu zile za juu walio na ugonjwa wa sukari bila habari, na ni wangapi ambao uzito wao umepita kiasi. Watu wengi tuliozungumza nao waliamini kwamba sukari ni ugonjwa wa wazee wa mjini wenye magari. Tulihitaji mahali penye nafasi, maji na choo, na mwenyekiti wa kijiji akatupeleka kwa Wariara.

Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mwenye ng'ombe wa maziwa na kipande cha viazi katika ardhi iliyokuwa zamani ya mzungu. Aliishi na mjukuu wake, Cate, msichana wa miaka kumi na sita, mrefu, mnene, mwenye kicheko kilichosikika mpaka barabarani. Mama yake Cate alikuwa kwenye mashamba ya maua kule Naivasha tangu mtoto akiwa mchanga. Alikuja Krismasi, akaondoka na gunia la viazi. Kila mtu kijijini alimhesabu Cate kuwa mtoto wa Wariara.

Siku ya mkutano na wazazi, Gedion alieleza taratibu. Watoto wangekuja Jumanne asubuhi, likizo ya Agosti, bila kula chochote tangu usiku.

"Wote?" Wariara akauliza.

"Wote, mama."

"Kama wangapi?"

"Arobaini hivi."

"Sawa. Hiyo si shida."

Gedion alidhani anazungumzia nafasi ya uwanja wake.

Jumanne hiyo ukungu ulikuwa umekaa juu ya viazi kama blanketi. Watoto walifika wakiwa na sweta mbili mbili na kofia za sufu, tukawapima urefu, uzito na kiuno, kisha wakaambiwa wasubiri kuitwa kwenye meza yangu. Mtoto wa kwanza nambari yake ya sukari ilikuwa juu. Nikadhani ni bahati mbaya yake.

"Na huyu?" Gedion akauliza.

"Juu."

"Huyo mdogo naye?"

"Juu pia."

Akabadilisha mashine. Akabadilisha betri. Akajitoboa mwenyewe, yake ikawa sawa kabisa. Akasimama akiitazama ile foleni ya kofia za sufu kama mtu aliyeambiwa kwamba kijiji kizima kimelishwa sumu. Nilimwona akitoa simu, akitafuta mtandao, akiirudisha mfukoni.

Ndipo Wariara akatokea nyuma ya jiko na trei, vikombe vimefunikwa kwa kitambaa.

"Daktari, pumzika kidogo. Hata wewe hujaweka kitu tumboni. Watoto nimeshawamaliza."

"Umewamaliza vipi, mama?"

"Chai. Na mkate, kila mtu vipande viwili. Wakubwa vitatu."

Gedion akakitazama kikombe. Ilikuwa chai ya maziwa matupu, nzito, na sukari iliyoifanya iwe karibu kushika kijiko.

"Mama, si nilisema wasile?"

"Ndio. Na hawakula, maskini, wamekuja wakitetemeka. Ukimwambia mtu aje kwako bila kula, si ni wewe unapika? Sasa nyinyi mmekuja na mashine tu, hata sufuria hamkubeba. Nikajua ni mimi."

Nilicheka hadi ikabidi niweke sindano chini. Gedion alikawia kidogo, kisha naye akacheka, akachukua kikombe, akanywa. Angefanya nini? Kwa watu wa huku, mwaliko wa kuja na njaa una maana moja tu, na sisi ndio tuliosahau.

Cate alikuwa kati ya waliopimwa mwisho, na nambari yake ilizidi za wote.

"Ni chai," Wariara akasema haraka. "Mimi huweka sukari ya kutosha."

"Shosho, mimi sikukunywa," Cate akasema. "Nilikuwa nagawa vikombe."

"Ulikunywa huko jikoni."

"Sikukunywa."

"Cate, enda utoe vikombe kwa nyasi."

Tulikubaliana kurudia Jumanne iliyofuata. Safari hiyo Wariara alisimama mlangoni mwa jiko kama askari, hakuna aliyepewa hata maji ya moto kabla ya kutobolewa. Nambari zilishuka karibu zote. Wazazi wakapumua. Wawili watatu waliobaki juu kidogo, Gedion akakaa na wazazi wao pembeni. Lakini Cate hakuwepo.

"Nimemtuma Elburgon kwa shangazi yake," Wariara akasema bila kunitazama. "Kupeleka viazi."

Gedion hakuweza kulazimisha. Bila idhini ya mlezi hakuna mtoto anayeguswa. Wakati wa kupakia vitu garini aliniambia kwa sauti ya chini, "Baki kidogo. Wewe atakusikiliza." Sikuwa na hakika. Nilikuwa nimeiona ile nambari ya kwanza, na kama kweli msichana hakuwa amekunywa kitu, basi kila wiki aliyokaa bila dawa ilikuwa ikimla macho na figo polepole, naye akicheka tu.

Nilimkuta Wariara akikamua. Nikageuza ndoo tupu, nikakaa. Kwa muda tulisikiliza maziwa yakigonga bati.

"Mami," akasema mwishowe, "unajua vile niliachiwa huyu mtoto? Miezi nane, mwepesi kama sweta. Nikampeleka kliniki. Sista akamtoa kwa mizani, akaniuliza mbele ya wanawake wote, 'Mama, huyu mtoto unamlisha nini, hewa?' Wakacheka. Nilitembea mpaka nyumbani na leso usoni. Nikasema hakuna mtu ataniambia hivyo tena. Maziwa ya ng'ombe wa kwanza yalikuwa yake. Uji wake ulikuwa na siagi. Viazi nilimpondea mpaka akaanza shule." Akaendelea kukamua. "Kwanza mlisema ni hewa. Sasa mnataka kusema ni nini?"

Mizani ile ile iliyomwaibisha kwa upungufu ilikuwa imerudi uani kwake kumwaibisha kwa wingi, na kati ya siku hizo mbili hakuna aliyekuja kumwambia kitu.

Nikamuuliza kama Cate hunywa maji mengi. Akasema ni jua la shambani. Nikamuuliza kama huamka kwenda chooni usiku. Akaivuta ndoo karibu. Basi nikamuuliza kuhusu shingo. Nilipokuwa nikimpima nilikuwa nimeona ngozi ya kisogoni, nyeusi na nene kama mahameli.

"Hiyo ni uchafu," akasema. "Wasichana wa siku hizi hawajui kuoga. Kila Jumapili kabla ya kanisa mimi mwenyewe namsugua na jiwe."

"Inatoka?"

"Haitoki. Analia tu."

"Mama, huo si uchafu. Mwili ukishindwa kuitumia sukari vizuri, ngozi ya shingo na ya kwapa inaweza kuwa hivyo. Hata umsugue na msasa."

Maziwa yaligonga ndoo mara moja, halafu yakaacha. Alikaa mikono ikiwa bado chini ya ng'ombe. Ng'ombe akageuza kichwa kumtazama.

"Namsugua mpaka analia," akasema. "Na mimi namwambia ni uvivu."

Akainuka, akapangusa mikono kwenye aproni, akatoa simu na kumpigia yule shangazi wa Elburgon. "Mama Thuo? Huyo msichana kesho asubuhi asipewe kitu. Hapana, hata chai. Nimesema hata chai! Umpe maji na umwambie avae vizuri, nakuja na gari la kwanza."

Tulikwenda naye hospitali Nakuru, sisi watatu. Ilikuwa sukari kweli, ile ambayo zamani tulizoea kuiona kwa watu wazima. Cate aliisikia habari, akatoka nje, na pale kwenye benchi la ukumbini akaanza kulia.

"Shosho, nitakatwa mguu?"

"Mguu upi? Na nani atanichotea maji?"

Msichana akacheka huku machozi yakitoka. Wariara hakucheka. Alimvuta, akamfunga kitambaa shingoni kwa uangalifu, kama mtu anayefunika kidonda, ingawa hapakuwa na kidonda.

Vidonge vilikuwa vya asubuhi na jioni, pamoja na chakula. Hayo mengine yalikuwa magumu zaidi ya vidonge. Wariara alikataa kupika sufuria mbili. Alichokula Cate ndicho alichokula yeye: mboga za managu, githeri ya mahindi na maharagwe isiyoogelea mafuta, nduma, chai isiyo na sukari ambayo miezi ya kwanza aliinywa akiwa amefumba macho. Maziwa zaidi yakaenda kwa ushirika. Cate alianza kwenda kwa miguu mpaka posho mill, kule kwenye kinu cha unga, na kurudi, na njiani alikuwa akiimba, kwa hiyo tulijua alipofika.

Kijiji kilisema, kama ninavyokijua. Jirani mmoja alimsimamisha Wariara nje ya kanisa.

"Wariara, mbona mtoto anakonda? Ng'ombe imekauka?"

"Ng'ombe iko sawa. Ni macho yako imekauka."

Lakini najua ilimuuma. Aliniambia siku moja kwamba alitamani kuwaonyesha watu zile nambari za Cate kwa mwezi, zilivyokuwa zikishuka, ila nambari hazina mashavu ya kubonyeza.

Mradi uliendelea Njoro, kisha Longonot, na kila tulipofika, kabla ya kuuliza maji au choo, Gedion alimtafuta mwenye nyumba na kumuuliza, "Nani anapika, na saa ngapi?" Chai ikawa sehemu ya utaratibu wetu, baada ya kutobolewa. Nafikiri watoto walikuja zaidi kwa sababu ya chai hiyo kuliko kwa sababu yetu.

Cate alimaliza shule, akapata nafasi katika chuo Nakuru, akapanga chumba Kiamunyi. Wikendi alipanda Molo. Ngozi ya shingo yake ilikuwa imerudi karibu rangi yake, na sukari yake ilitulia. Aliposhika masomo ya lishe, alimpima bibi yake mwenyewe, akamkuta naye sukari yake iko mpakani mwa ugonjwa. Tangu siku hiyo mamlaka ya nyumba ile yalihamia kwa mwingine. Wariara alilalamika kwa kila aliyepita: msichana anahesabu viazi, msichana amefungia asali kabatini. Alilalamika kwa furaha ambayo sijaiona kwa watu wengi waliopata kila walichotaka.

Alifariki mwaka jana, usingizini, katika baridi ya Julai. Wiki chache kabla ya hapo nilimpigia simu. Alikuwa kwenye ruracio, sherehe ya mahari, ya binti ya jirani, nikasikia wanawake wakipiga vigelegele nyuma yake. Nikamuuliza habari ya Cate, akasema mzima, mzima kabisa, amekuwa mkali kama chifu. Nikamuuliza habari yake mwenyewe. Sauti ikaja imejaa, ya mtu mwenye kitu mdomoni.

"Mami, wacha nikate simu. Cate anakuja huku, na hii keki bado sijaimeza."