Sheria Mpya ya Kuruka Mtaro

Jumapili moja rafiki yetu alitoka Kawangware akaja kwangu Makina, tucheze na dada yangu ule mchezo wa mezani ambao kila mtu huigiza shujaa wake na dadu huamua yatakayompata. Mimi niliongoza. Shujaa wa dada akataka kuruka mtaro kuwatoroka majambazi, nami nikaanza kukokotoa nguvu zake, uzito wa mzigo na upana wa mtaro.

“Kwani ni mtihani?” dada akauliza. “Mtaro wa hapo nje naruka kila asubuhi nikienda job, na sijawahi piga hesabu.”

Tulicheka, tukakubaliana: mtaro ukiwa mwembamba, shujaa anaruka tu; ukiwa mpana, mchezaji anarusha dadu mara moja. Mtaro ule ulikuwa mpana, basi dada akarusha, shujaa wake akatumbukia majini. Hata hivyo dada alifurahi kuliko sisi sote, maana mchezo ulikuwa umeacha kuwa mtihani.