Batri Iliyolala Kwetu

Simu yangu ilikuwa kama mutoto muchanga: ukiitoa kwenye waya wa chaji, inazima palepale. Moyo wake wa ndani, yaani batri yake ndogo, ulikufa zamani, na dukani waliniambia simu za aina ile hata waliozitengeneza wameshazisahau. Kwa hiyo iliishi muchana tu, kwenye kibanda cha fundi wa kuchajisha hapo sokoni Nchelenge, wakati mimi niko darasani naigiza mwalimu wa hesabu anavyotembea. Jioni fundi anafunga. Na jioni ndiyo saa mama alikuwa anapiga.

Mama alikuwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, anauza vitenge. Kila mwaka ziwa linafungwa ili samaki wazae, na biashara ya chisense, wale samaki wadogo wa kuanika, inasimama. Mama anavuka kutafuta kingine, mi nabaki na masomo na ufunguo wa nyumba. Rezo, ule mtandao wa simu, aliipata jioni tu, akipanda kilima nyuma ya soko lao. Alipanda, akapiga, akajibiwa na yule mwanamuke wa kampuni anayesema kila mutu hapatikani. Nilimwonea wivu yule mwanamuke. Alikuwa anaongea na mama yangu kuliko mimi.

Aliniachia gunia la chisense kavu. "Utauzisha, utanunua taa ya jua," alisema. "Na usiniingizie ujinga mu nyumba."

Mwenye duka la sola alinitazama akaona televisheni kichwani mwangu.

"Mwana, kamata hii inveta," alisema, akipangusa vumbi kwenye kisanduku chenye feni, cha kugeuza umeme wa batri uwe wa televisheni. "Na hii utawasha televizyo."

"Papa, na televizyo utanipatia?"

"Itakuya yenyewe."

"Basi ngoja ikuye. Tutarudi naye hapa pamoja, achague inveta yake."

Wateja walicheka, nikajisikia mutu mukubwa. Lakini ujinga ulikuwa unaniita kweli, pembeni, kwa sura ya spika yenye taa za rangi. Niliitazama muda mrefu. Halafu nikafikiria kile kilima, nikachukua plaki ya kukamata jua, si kubwa si ndogo, na ampule mbili, balbu ambazo hazitaki inveta. Nikaongeza tundu la kuchajia simu na kontrola, kile kisanduku kinachozuia jua lisiunguze batri na kinachozima taa kabla batri haijakauka.

"Na batri?" aliuliza.

"Gunia limeisha."

"Bila batri, hii yote ni mapambo ya ukuta."

Nikabeba mapambo yangu ya ukuta, nikaenda nayo nyumbani.

Batri ilitoka kwa jirani yetu, muvuvi wa chisense. Huku kwetu chisense wanavuliwa kwa taa, na taa inakula batri. Ziwa likifungwa, batri zinakaa bure, na batri ikikaa bila chaji inaharibika. Kwa hiyo wavuvi wanazilaza kwa watu wenye plaki: wewe unailisha, wewe unaitumia.

"Ni yako mpaka ziwa ifunguke," jirani alisema.

Mi nilisikia "ni yako". Yaliyobaki yalipita.

Jioni ile taa iliwaka, simu ikalia, na mama akaniuliza kama nakula. Ningeishia hapo ningekuwa na akili. Lakini habari ilitembea, na wavuvi wengine wakaleta batri zao, nami nikapokea zote. Ungenielewa kama ungeniona kabla, nakula bukari, ugali wetu, nimeangalia ukuta, nafanya mzaha peke yangu na kunyamaza mwenyewe. Kila batri ilikuja na mwenyewe, na kila mwenyewe alikuja na masikio. Walikaa hadi kwenye kizingiti. Niliwaigizia mwenye duka, nikawaigizia muhubiri akifukuza nzi katikati ya maombi, na watu wazima wakashika matumbo.

Ilikuwa musimu wa mvua. Plaki moja, mawingu, na batri zimepangwa mustari kama watoto wa katekisimu. Nilizigawia jua kama mchuzi wa matanga: kila mutu alionja, hakuna aliyeshiba. Jioni moja, katikati ya hadithi, kontrola ikazima taa. Wakacheka zaidi, wakidhani ni sehemu ya hadithi. Gizani nikapapasa simu. Ilikuwa imekufa. Kesho yake ikawa vilevile, na mama yuko kilimani, nilijua.

"Bapapa," niliwaambia, "batri zenu zinakula kunipita mi. Muzirudishe kwenu."

Walizibeba bila kukasirika. Hawakurudi tena, hawakuwa na sababu. Nikabaki na ile ya jirani. Jua likatoka, ikashiba. Nyumba ilikuwa na mwanga wote ule na mi peke yangu ndani yake.

Simu ililia jioni ya mwisho kabla ya ziwa kufunguliwa. Waya wake ni mufupi, naongea nimepiga magoti ukutani.

"Nilizani umenifuta mu simu," mama alisema.

"Mama, kesho ziwa inafunguka. Unarudi?"

"Vitenge haviyaisha. Nitakuya mukifunga masomo."

Hapo nikamwona jirani mulangoni, na kamba begani, amekuja kuchukua batri yake. Aliniona nimepiga magoti, akakaa kwenye kizingiti, akanigeuzia mugongo, akangoja nimalize.

Nikaanza kumchekesha mama. Nikatoa mwenye duka, nikatoa muhubiri na nzi wake. Alicheka, na kizingitini jirani akacheka.

"Nani huyo?"

"Jirani. Amekuya kuona taa."

Nikarudia muhubiri.

"Hiyo hadithi umeshanipigia," mama alisema.

"Iko na sehemu nyingine."

Haikuwa nayo. Nikaitunga hapohapo, nikaingiza mwalimu wa hesabu na mwendo wake wote, kwa sauti ya juu, hata baada ya simu kunyamaza sikioni.

"Mwana," jirani akasema, bila kugeuka. "Amekata?"

"Amekata."

"Tangu wapi?"

"Tangu pale mwalimu anaingia."

"Pale kwa mwalimu ndipo ilikuwa tamu," alisema. Nikaendelea pale pale kwa mwalimu, akasikiliza mpaka nikaimaliza, kisha akaja kupiga magoti kando yangu, akaanza kufungua waya wa batri yake.