Mikono Iliyopika

Baba mkwe wangu alikuwa na sala moja ya chakula, na kwa miaka yote niliyoishi katika familia yake sikumsikia akiibadilisha. Alimshukuru Mungu kwa mvua na kwa jembe, akawakumbuka waliokuwa safarini, kisha akamalizia kwa kuomba baraka juu ya mikono iliyopika. Mara nyingi mikono hiyo ilikuwa yangu. Aliiombea kila nilipompelekea chakula, ilhali alikuwa ameigusa mara moja tu, na hiyo mara moja ilikuwa kosa langu.

Kwao Bungoma, mzee na mke wa mwanawe huheshimiana kwa umbali. Hawapeani mikono. Hawaketi benchi moja, hawalali chini ya paa moja, na mwanamke haingii chumba anacholala baba mkwe wake. Akimletea chakula, hukiweka mezani na kurudi nyuma. Mimi nilizaliwa Saboti, katika familia iliyotoka katikati ya Kenya na kuja kulima mahindi Trans-Nzoia. Kwetu mtoto aliyemwona mgeni asimpe mkono alikemewa mbele ya huyo mgeni. Basi siku ya arusi yangu, nje ya kanisa Kamukuywa, nilipita katika mstari wa wazee nikiwasalimu, nilipomfikia baba mkwe nikanyoosha mkono wangu kama nilivyofunzwa.

Aliutazama. Nyuma yangu nilisikia wanawake wakivuta pumzi. Kisha akaushika, mkono mgumu wa mkulima, akautikisa mara moja na kuuachilia kwa upole, kana kwamba ni jambo analolifanya kila siku.

"Ati huyu amefanya nini?" sauti ya mwanamke iliuliza.

Alikuwa dada mkubwa wa baba mkwe, kutoka Kimilili, tuliyekuja kumwita Senge, jina ambalo wenyeji wa huko humpa shangazi upande wa baba. Jioni hiyo Senge aliwaambia watu wa kwetu kwamba heshima imevunjwa na itarekebishwa kwa kuku. Mama yangu alidhani ni utani wa wakwe. Hata hivyo wiki iliyofuata alituma kuku jike mnene aliyemfuga mwenyewe, Senge akaondoka naye kwenda Kimilili, na neno hilo halikutajwa tena.

Mume wangu ndiye aliyenieleza baadaye nilichokuwa nimefanya. Niliona haya hadi nikakosa usingizi. Lakini kadiri miaka ilivyopita, kilichonikaa moyoni hakikuwa haya. Nilifikiri juu ya yule mzee wa kanisa, mtu anayefuata utaratibu kwa kila jambo, na jinsi alivyokuwa na muda mfupi sana wa kuamua. Angeuacha mkono wangu ukining'inia mbele ya wageni wa pande mbili, na hakuna mtu wa kwao ambaye angemlaumu. Aliuchukua.

Baada ya siku hiyo alirudi kwenye umbali wake, na kutoka huko akanipenda. Alipotutembelea Kitale alikuja na mkungu wa ndizi au viazi vitamu vilivyofungwa kwenye gunia, akaviweka karibu na mlango wa jikoni, kisha akaenda kusimama kwenye ua na kukohoa ili nijue kwamba vimefika. Nilipougua kifua mwaka mmoja, alimwita binti yangu mdogo nami nikiwa nimesimama palepale, sufuria mkononi.

"Muulize mama yako kama kifua kimepona."

"Mwambie Baba kimepona," nikasema.

"Amesema kimepona," mtoto akarudia.

"Mwambie asioge maji baridi."

"Guka, si anakusikia," mtoto akasema. Kwa ukaidi wa kuzaliwa alikuwa amekataa neno la kwao akachukua la kwetu la kumwita babu. Mzee akacheka hadi akashika nguzo ya ua. Sisi wawili tulijua kwamba ni mchezo, na wote wawili tulijua kwamba si mchezo.

Mama mkwe alikuwa ameshafariki wakati kiharusi kilipompata mzee. Walimkuta shambani ameegemea mti wa parachichi, akajaribu kueleza kwamba amepumzika tu. Hospitalini Bungoma waliokoa maisha yake, lakini mkono na mguu wa kulia havikupata nguvu tena. Watoto wake wengine walikuwa mbali. Mume wangu, afisa wa kilimo aliyehamishiwa Bungoma, alikuwa akija nyumbani Kitale kila Ijumaa na kuondoka Jumatatu kabla ya mapambazuko. Tuliamua kumleta kwetu.

"Siwezi kulala nyumba moja na mke wako," alimwambia mume wangu, ulimi ukiwa mzito lakini nia haijapungua hata kidogo.

Nyuma ya nyumba tulikuwa na stoo ya mahindi. Tuliuza magunia yaliyobaki, tukapiga lipu, tukaweka dirisha, dari na kitanda. Harufu ya mahindi makavu haikutoka, naye alisema ni harufu nzuri, inamkumbusha mavuno. Shemasi wa kanisa letu alijitolea kuja asubuhi na jioni kumwogesha na kumlisha. Mchana, naye akiwa amekubali niingie kwa hilo tu, nilimwekea sahani kwenye stuli karibu na kitanda, nikatoka nje na kumsikiliza kutoka mlangoni akisema sala yake, kisha kijiko katika mkono wa kushoto kikaanza kazi yake ya polepole. Nilidhani tumepata namna ya kuishi.

Halafu mambo yakatuangukia pamoja. Mkono wa kushoto nao ulianza kutetemeka. Daktari alisema ni kiharusi kingine, kidogo. Wiki hiyohiyo mke wa shemasi akaugua huko kwao, naye ikambidi kwenda kumuuguza. Ulikuwa msimu wa kugawa mbolea na mume wangu hakuruhusiwa kuondoka kituoni hata Ijumaa. Shule ninakofundisha ilikuwa imefungwa, na watoto walikuwa wamekwenda likizo kwa mama yangu Saboti. Tukabaki wawili, mzee na mimi.

Jirani mmoja, mwanamume mwenye moyo mwema, alikuja kumwogesha na kumgeuza, lakini alifanya kazi ya zamu na saa za chakula hakuwepo. Nilisimama mlangoni na bakuli.

"Baba, nikusaidie kula."

"Weka hapo, mama. Nitakula."

Niliweka, nikatoka. Nilimsikia akiomba. Baada ya hapo sikusikia chochote, na niliporudi uji ulikuwa umemwagika kwenye blanketi na bakuli liko chini. Kesho yake yakawa hayohayo. Alishukuru kwa sauti iliyozidi kufifia, akaiombea mikono iliyopika, na hakula. Niliposogea na kijiko alifumba macho na kugeuzia uso ukutani, bila hasira yoyote, kama mtu anayeficha aibu ya mwingine. Mashavu yalianza kuingia ndani. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba asipopata chakula na maji, hakuna dawa itakayomsaidia.

Katika kikundi chetu cha wanawake kanisani nimefundisha mara nyingi juu ya kusimama imara nyakati ngumu. Nilikuwa na maneno mazuri. Siku hizo, nikiwa jikoni, sikuyapata hata moja. Niliomba kama mtu anayedai. Nilimwambia Mungu kwamba niliahidi mbele yake kumtunza mtu mmoja, katika uzima na ugonjwa, na kwamba hakuna aliyenionya kuwa ahadi hiyo ingekuja kulala katika stoo ya mahindi na kukataa kula. Kisha nikaosha sufuria na kuanza kupika chakula kingine, kwa sababu saa ya kula ilikuwa inakaribia. Sijui kama huo ulikuwa uaminifu au mazoea tu. Nimeacha kutafuta tofauti.

Nilimpigia mama yangu Saboti.

"Mimi ningeshikilia hicho kichwa nikalisha," alisema. "Mgonjwa hana mila."

"Huyu anayo, Mami."

"Basi tafuta mwenye hiyo mila," akasema. "Si kuna yule mama alinilia kuku?"

Senge alifika kutoka Kimilili siku iliyofuata kabla ya saa sita, mkoba begani, akiniangalia toka kichwani hadi miguuni.

"Bibi yetu, umekonda kuliko mgonjwa."

"Karibu, Senge."

"Nimekaribia. Umepika nini?"

"Mrenda, na ugali laini."

Akafunua sufuria. Mrenda ni mboga ya kwao, huteleza kinywani na humfaa mtu anayemeza kwa shida. Hupikwa kwa chumvi ya majivu na si zaidi. Senge alinusa.

"Mtoto wa Saboti. Kitunguu kinatafuta nini hapa?"

"Ni kidogo tu."

"Ni kidogo," akasema kwa masikitiko, akachukua bakuli.

Nilibaki nje ya mlango. Nilimsikia akimsalimu kaka yake kwa lugha yao, akikaa kitini, kijiko kikigonga bakuli. Kisha akalaani kwa sauti ndogo. Senge alikuwa mkubwa kwa mzee, na mikono yake pia ilitetemeka. Mrenda ulikuwa umefika shingoni na kwenye mto, haukufika kinywani. Alijaribu tena. Alipoweka bakuli chini, aliacha lugha yao akasema kwa Kiswahili, na nilijua kwamba alitaka nisikie.

"Unangojea nani akulishe?"

"Kijana atakuja."

"Kijana ako Bungoma na mbolea. Atakuja akuzike. Huyu msichana amesimama hapo nje na bakuli kama mtu wa kuomba."

"Namheshimu," mzee akasema. Neno hilo lilimtoka kwa taabu, silabi baada ya silabi. "Akinishika, nimemvunjia heshima. Mbele ya watoto wake."

Niliegemea ukuta. Siku zote hizo nilidhani kwamba ananikataa.

"Wewe unaongea heshima gani?" Senge akasema. "Alikupa mkono siku ya arusi, ukashika. Kwao wakaleta kuku. Hiyo kuku nilikula mimi mwenyewe, yote, hata shingo. Ile neno iliisha hapo. Ama unataka nitapike?"

"Mimi sikupewa," mzee akasema.

"Ungepewaje na ni wewe ulishikwa mkono?"

Nilisikia sauti ya ajabu, kama mlango wa zamani unaofunguka. Alikuwa anacheka. Kilikuwa kicheko cha upande mmoja wa uso, lakini kilikuwa chake. Baada ya kicheko alivuta pumzi, na nilipomsikia tena alikuwa akizungumza kwa sauti ya mtu anayeamua shauri katika baraza la kanisa.

"Mama ako hapo nje?"

Hapakuwa na mtoto wa kutumwa kati yetu. "Niko, Baba."

"Ingia."

Niliingia. Senge aliinuka na kunipisha kwenye kiti, akaenda kusimama dirishani, mgongo ukitugeukia, na tangu siku hiyo nimempenda kwa ajili ya huo mgongo. Mzee alinitazama usoni. Sikumbuki kama aliwahi kufanya hivyo kabla. Macho yake yalikuwa ya mume wangu.

"Ule mkono wa kulia," alisema, "uko chini ya blanketi. Siwezi kuutoa. Utoe wewe."

Nilifunua blanketi, nikauinua. Ulikuwa mzito na wa baridi kidogo, ugumu wa jembe ukiwa umeanza kulainika kiganjani. Niliushika kama nilivyoushika nje ya kanisa Kamukuywa, na kwa kuwa haukuweza kunishika, niliushika kwa mikono yangu yote miwili.

"Ndiyo huo," akasema. "Sasa tuombe."

Aliomba sala ileile. Mvua, jembe, waliosafiri. Ilichukua muda, kwa kuwa maneno yalimjia moja moja na mengine hayakukamilika. Alipofikia mikono iliyopika alikoma. Nilidhani amechoka, au amesahau, nikafumbua macho. Alikuwa akiitazama mikono yangu iliyofunika mkono wake, akiitazama bila haraka. Kisha akasema amina.

Nimesoma na kusikiliza mengi juu ya imani, na sehemu kubwa ninaikubali. Lakini nikiulizwa imani hufanana na nini, huona mtu aliyeyashika mambo aliyoyaamini kuwa ni haki kwa maisha yake yote, kisha akayaweka chini mchana mmoja, polepole, kwa ajili ya mtu mwingine, bila kuyadharau. Mimi niliweza kumgusa kwa sababu kwetu haikuwa kitu. Yeye ndiye aliyetoa.

Nilichota ugali kidogo, nikauchovya kwenye mrenda, nikasubiri upoe. Nilimwinua kichwa kwa mkono wa kushoto, nikaleta kijiko mdomoni kwa wa kulia. Akameza. Nikamfuta kidevu. Senge, aliyekuwa bado dirishani, hakugeuka.

Mzee alionja tena ndani ya kinywa chake, akifikiri.

"Umetia kitunguu," akasema.

"Nimemwambia," Senge akajibu dirishani.

"Nimekitia, Baba. Kesho sitatia."

Akatikisa kichwa kidogo juu ya mkono wangu, kama kusema hapana, na akafungua kinywa tena.